Uso Wangu Bustanini

Harufu ya plasta iliyolowa maji ndiyo iliyonitoa mle chumbani. Mwanangu wa pili, Mwangi, fundi wa umeme, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono, na sasa alikuwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali akimtazama nesi akichovya bendeji ndani ya beseni. Harufu ile ikanipanda puani, ya chokaa na udongo baridi. Nikamwambia nesi nakwenda kutafuta chai. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje, nimekumbatia mkoba wangu kwa mikono miwili. Chai sikuitaka, nilitaka hewa tu.

Wenzangu mliokulia Nyeri miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya, mnaikumbuka sanamu ya mama wa kuni katika bustani ya mji. Mlipita pale mkienda sokoni, mkampa mkono kwa mzaha na kumwambia, "Habari ya leo, Cucu?" Wengine mlipigwa picha naye siku ya Krismasi, mmevaa viatu vipya. Basi leo nawaambia, ingawa nimechelewa sana: uso ule ni wangu. Nilikuwa na miaka tisa ulipochukuliwa, na hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekubali.

Yote yalianzia kwenye jina. Desturi yetu mnaijua: binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na mwana wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Nyanya yangu alikuwa Nyawira, binti ya Mwangi. Mwanawe wa pili akaitwa Mwangi, naye ndiye baba yangu. Nilipozaliwa mimi nikaitwa Nyawira, na kwa kuwa baba yangu ni Mwangi, nikawa Nyawira wa Mwangi, sawasawa na yeye bila kupungua wala kuzidi. Cucu huyo, yaani nyanya, sikumkuta. Niliambiwa alikufa wakati wa Hali ya Hatari, siku za wakoloni, kwenye ule mtaro mrefu ambao wanawake walilazimishwa kuuchimba kandokando ya msitu ili wapiganaji walio ndani wasipelekewe chakula. Ukiuliza zaidi ya hapo uliambiwa ukachote maji.

Kwa watu wengine jina ni la kuitia tu. Kwetu, mtoto wa namna yangu ni mtu aliyerudi. Baba aliniita Maitu, yaani mama, tangu sijajua kutembea. Hakuwahi kunichapa, maana nani atamchapa mama yake? Mama mzazi alinitania akiniita mama mkwe. "Haya, mama mkwe, umeshiba ama bado unataka kunimalizia sukari?" Nami niliijua nafasi yangu na niliitumia vizuri. Nikivunja kikombe nilikimbilia nyuma ya koti la Baba, na mwiko wa Mama ukaishia hewani.

Tulikuwa na mchezo wetu, mimi na Baba. Alikuwa karani katika ofisi za baraza la mji, na kila jioni akirudi alisimama mlangoni bila kuingia, akanyoosha mkono na kutoa kidole gumba. "Maitu, umenisamehe?" Makosa yake yalikuwa madogo madogo: amechelewa, amesahau peremende. Nikiwa nimemsamehe nilikishika kidole kwa kiganja kizima na kukifinya kwa nguvu zangu zote, naye akaguna ati ameumia, ndipo akaingia ndani. Nikiwa nimenuna nilimwacha hivyo hivyo na mkono wake, naye akaketi nje kwenye kigoda mpaka nikamhurumia. Mara moja nilimnyima hadi kesho yake. Kesho yake nikamfinya mara mbili, mambo yakaisha. Nilidhani ni mchezo aliobuni kwa ajili yangu, na wala sikuona ajabu kwamba wakati akingoja jibu hakuwa akicheka.

Ndipo baraza likaamua kwamba mji uwe na ukumbusho wa akina mama wa mtaroni. Iliundwa kamati, Baba akawa mwandishi wake. Fundi alikuwa Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyefundisha sanaa katika shule moja pale mjini, mrefu, mpole, mwenye vidole visivyokosa saruji iliyokauka. Mwalimu alitaka picha ya mmoja wa akina mama waliokufa. Picha haikuwako. Wanawake wa mtaroni hakuna aliyewapiga picha. Mama alipenda kusimulia jinsi wazee walivyokaa kimya katika kikao kile, hadi Baba akaweka kalamu chini na kusema, "Mama yangu yuko nyumbani." Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu Wekesa peke yake ndiye aliyebaki mdomo wazi, hadi alipoelezwa kwamba mama mwenyewe yuko darasa la tatu.

Siku hiyo mimi nilikuwa nafunga mzigo. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama mdogo aliyekuwa na duka Nanyuki alikuwa ameniahidi likizo nzima. Angenionyesha mahali ikweta inapopita, niweke mguu mmoja huku na mmoja kule. Angenionyesha farasi wa wazungu. Nilikuwa nimewasimulia watoto wote wa mtaa habari za farasi hao hata kabla ya kuwaona, na nilikuwa nimetia chumvi nyingi. Baba alinyoosha kidole gumba mlangoni, lakini safari hii alisema kwanza, kisha akaomba. "Maitu, Nanyuki tutaenda baadaye kidogo. Kuna kazi yako hapa. Umenisamehe?" Nilimfinya, nikiamini hilo neno "kidogo". Likizo yote ikapita ndani yake.

Katikati ya bustani kulijengwa kibanda cha mabati, hakina dirisha, ili watu wasione kazi kabla haijaisha. Mwalimu alifunga mlango kwa komeo kutoka ndani, maana wachunguliaji walikuwa wengi. Ndani kulikuwa na vyuma vilivyosimamishwa na kuzungushiwa waya wa banda la kuku, mifuko ya saruji, ndoo, na sanduku nililosimamishwa juu yake. Nilivishwa mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, ule wa kubebea kuni, na mgongoni nikatwishwa mzigo mdogo ili shingo yangu iiname sawasawa. Mkono mmoja ulishika mkanda, wa pili ulishika jembe. Baba alinileta asubuhi akienda kazini na kunichukua jioni. Mchana jua lilipopiga mabati nilihisi nimepikwa. Kwenye bati la mbele kulikuwa na tundu la msumari, na kupitia tundu hilo niliona kipande cha nyasi na miguu ya watoto waliokuwa wakibembea. Niliwachukia wale watoto, hasa mmoja mwenye soksi nyekundu.

"Mwalimu, niko na kiu."

"Ngoja kidogo tu. Hiyo shingo nimeipata sasa, ukisonga inapotea."

"Mwalimu, mguu imekufa ganzi."

"Iache ife kidogo, itafufuka. Wewe ni mama wa watu, vumilia."

Alikuwa mtu mwema. Saa nne alinipa mkate uliopakwa siagi, na alinisimulia habari za ng'ombe wa kwao wanaopigana kama mabondia. Lakini kila siku kile kitu cha waya kilizidi kunenepa, na kila siku alinitazama, akakitazama, akaongeza saruji. Hofu ikaniingia polepole. Kama Cucu alikuwa amerudi ndani yangu, na sasa anatolewa kidogo kidogo na kuwekwa mle kwenye saruji, je, mimi nitabaki na nini?

"Mwalimu, ukimaliza mimi nitaenda wapi?"

"Nyumbani kwenu."

"Na huyu?"

"Huyu atabaki hapa hapa. Hata mvua inyeshe miaka mia."

"Sasa Nyawira atakuwa nani?"

Alicheka mpaka mwiko wa saruji ukamwanguka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, nikaona alama ya mkanda kwenye paji la uso, na nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alama haikutoka. Nikamwambia Mama sitaki kurudi kule. Mama akasema, "Hiyo maneno ongea na mtoto wako." Mtoto wangu alikuwa ni Baba. Baba alinisikiliza, akaniambia kwa upole kwamba zimebaki siku chache, na asubuhi akanishika mkono tukaenda.

Siku moja wazee wawili wa kamati walikuja kukagua. Walizunguka sanamu, wakanong'onezana, kisha mmoja akamwambia Mwalimu atoe jembe. "Weka kuni pekee yake. Mama amebeba kuni, basi. Hii mambo ya mtaro ikiwekwa hapa ni kuamsha watu, na sisi wote tunaishi hapa pamoja." Sikujua wakati ule kwamba mzee huyo siku za Hatari alikuwa amesimama upande wa bunduki za wakoloni. Baba alikuwa pale na daftari lake. Aliandika kama alivyoambiwa. Jembe likatolewa, na mkono uliokuwa umelishika ukabaki hauna kazi. Mwalimu akataka kuushusha, lakini Baba akamzuia.

"Mwalimu, huo mkono tafadhali uache mbele. Wazi hivyo."

"Uko wazi unaomba nini, Bwana Mwangi?"

Baba alifunga kalamu yake akatoka nje.

Uso ulibaki mwisho. Mwalimu alinieleza kwamba atanipaka plasta usoni, ikauke, aibandue, apate kalibu ya kumiminia saruji, kisha atauzeesha uso huo mwenyewe kwa kisu. Alinilaza kwenye meza. Alinipaka mafuta mengi, akanitia mirija miwili ya soda puani ili nipumue. "Dakika ishirini," akasema. "Usicheke, usilie, usiongee, usisongeshe hata kidole. Ukisonga, uso utapasuka na tutaanza tena kesho." Kisha akaanza kunifunika, kidevu, mashavu, mdomo, na mwisho macho.

Mwanzoni ilikuwa baridi. Baadaye ikaanza kupata joto yenyewe, na ikawa nzito, nzito, mpaka nikahisi kichwa changu kimepigiliwa kwenye meza. Nilijaribu kufungua macho nikaona hayafunguki. Nilisikia pumzi yangu ikipiga filimbi kwenye mirija. Nilitaka kupiga kelele na mdomo haukuwako. Nimezaa watoto wanne, nimeugua malaria nusura nife, lakini sijawahi kufungwa namna ile. Nikasikia Mwalimu akisema anakwenda kunawa mikono bombani. Komeo likafunguka, nyayo zake zikaenda, na baada ya kitambo nyayo nyingine zikaingia. Nilizijua. Baba alikuwa amekuja mapema.

Alivuta kiboksi akaketi. Nikadhani ananitazama. Akauchukua mkono wangu. Alipoanza kusema alisema kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana.

"Maitu. Siku ile udongo ulipoporomoka, mkono wako ulibaki nje. Nilikuja. Ulinishika kidole gumba ukanifinya, nikajua bado uko. Wakaniambia nipulize filimbi watu warudi kijijini. Filimbi nilikuwa nayo mimi. Nikauchomoa mkono wangu, nikapuliza."

Nikahisi kidole gumba chake kimewekwa katikati ya kiganja changu.

"Umenisamehe?"

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba Mwalimu alikuwa amenikataza kusogeza hata kidole. Ni kweli alinikataza. Lakini ninyi ni rika langu na sitawadanganya. Kufinya ningeweza. Mkono wangu ulikuwa huru, ndicho kitu pekee changu kilichokuwa huru siku ile. Nilikataa kwa sababu ya Nanyuki. Nilikataa kwa sababu ya farasi, na ya joto la mabati, na ya yule mtoto wa soksi nyekundu, na kwa sababu yeye ndiye aliyenileta pale kila asubuhi huku akinisikia nikilia. Maneno ya udongo na filimbi niliyasikia yote, ila niliyachukua kuwa hadithi ya watu wazima, maneno ya kunibembeleza. Nikasema moyoni, leo atakaa kwenye kigoda. Kesho nitamfinya mara mbili.

Alingoja. Nilihisi kidole kile kikitetemeka kidogo kiganjani mwangu, nikafurahi kwamba amekoma. Kisha akakitoa, akaulaza mkono wangu polepole juu ya tumbo langu, akatoka. Mwalimu aliporudi na kuibandua plasta, nywele za nyusi zikang'oka nayo na mwanga ukanichoma macho. Akanisifu. "Umetulia kabisa, hata kidole!"

Kesho yake jioni nilikaa mlangoni mapema, kiganja changu tayari. Baba alikuja, akanipigapiga kichwani, akapita. "Nyawira, mama yako yuko wapi?" akauliza. Nilibaki pale na kiganja changu wazi. Hakuwahi kuniita Nyawira maisha yangu yote. Nikangoja kesho, na kesho kutwa. Mkono haukunyooshwa tena. Wiki mbili baadaye nilipoteza sweta ya shule, nikakimbilia nyuma ya koti lake kama kawaida, naye akageuka akanichapa viboko vitatu vya miguuni, bila hasira, kama baba yeyote anavyomchapa mtoto wake. Mama alisimama na mwiko mkononi akishangaa. Nililia sana, na sikulilia miguu. Nililia kwa kuwa niliona sasa ni kweli: Cucu ametolewa kwangu akawekwa bustanini, na mimi nimebaki mtoto tu.

Sanamu ilifunuliwa na mkubwa mmoja aliyetoka Nairobi, kwa nyimbo na hotuba ndefu. Kibao kilisema imewekwa kwa heshima ya akina mama waliojenga nchi. Mtaro haukutajwa. Kitambaa kilipoanguka nilijiona nimezeeka, nimebeba kuni, nimenyoosha mkono kwa watu. Watu walicheka kwa furaha, wakapanga foleni kumpa mkono. Nilimtafuta Baba. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango, akiandika kitu kwenye daftari ingawa hakukuwa na la kuandika.

Tangu siku hiyo alibadilisha njia. Bustani ilikuwa katikati ya nyumba yetu na ofisi, lakini yeye alizunguka kwa nyuma ya soko, mvua na jua, mpaka alipostaafu. Mimi sikuwa na njia ya kuzunguka. Shuleni niliitwa Sanamu. Nikisimama na mvulana mahali popote mjini, niliona ule uso ukinitazama. Wazee walinisalimu kwa heshima isiyo yangu, na nilijua kila mara kwamba mwenyewe ninayefananishwa naye hanifahamu na mimi simfahamu. Mara moja, Jumapili mchana, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nilimkuta Baba amesinzia kwenye kiti, mkono umening'inia. Nilipiga moyo konde, nikapiga magoti, nikakishika kidole gumba nikakifinya. Alishtuka akauvuta mkono wake kifuani. "Wacha, Nyawira," akasema. "Nimechoka." Nikaona aibu mpaka nikatoka nje. Sikujaribu tena.

Nilifika Nanyuki hatimaye, nikiwa mtu mzima, nikapata kazi ya kushona nguo, nikaolewa huko huko. Ikweta nimeivuka mara nyingi mno, wala haina lolote. Sitasema sikuelewa. Nilipopata watoto wangu nilianza kuelewa, kipande kwa kipande, na kila nilipokwenda Nyeri nilijiambia leo nitamwambia. Lakini nilingoja anyooshe mkono kwanza, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kanuni ya mchezo, na yeye nadhani alikuwa ameshapokea jibu lake. Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za mahindi na bei ya majani ya chai. Alikufa asubuhi moja ya kawaida, kabla sijafika na gari la Nanyuki, na mikono yake nilipoigusa ilikuwa imeshakunjwa.

Baada ya mazishi Tata Wambui, dada yake mkubwa, alinikalisha jikoni akanieleza yale ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Baba alikuwa na miaka kumi na saba. Alijua kusoma, kwa hiyo walimpa daftari la majina na filimbi, akawa anawahesabu wanawake mtaroni, mama yake miongoni mwao. Mvua ikanyesha, ukuta ukaanguka. Aliruka ndani akafukua kwa mikono mpaka aliposhikwa kidole. Juu yake walisimama watu wenye bunduki.

"Saa ya kurudi kijijini ilikuwa imefika," Tata alisema. "Wakamwambia apulize, ama wamwache humo na yeye. Angebaki, sisi wote tungekuwa tumeisha. Mimi nilimsamehe siku ile ile."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mara nyingi, mpaka nikachoka. Lakini mimi ni dada yake tu. Yeye alikuwa anangoja wewe."

Alilisema hilo bila kunilaumu, akiendelea kuchambua maharagwe. Hakujua kwamba aliniomba nikamnyima. Sikumwambia, na hadi leo sijamwambia mtu. Siku hiyo nilikwenda bustanini peke yangu. Kipande cha bustani kilikuwa kimekatwa kujengwa vibanda, na watoto walikuwa wameshavunja kidole gumba cha sanamu, baraza likakitengeneza kwa saruji ya rangi nyingine. Nilisimama mbele ya uso wangu, nikauona mkono ule ulionyooshwa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa Baba alikuwa ameuomba wa nini. Alitaka mama yake aweze kushikwa na kila mtu apitaye. Mwenyewe hakuthubutu hata mara moja.

"Mama Mwangi! Mama Mwangi, hebu kuja!"

Nesi alikuwa amesimama mlangoni akinipungia. Niliinuka kwenye benchi. Ndani, plasta ilikuwa imefika hadi kwenye vifundo vya vidole vya mwanangu, nyeupe, bado inatoa mvuke kidogo, na kidole gumba na vile vingine vinne vimechomoza. Niliujua ule uvuguvugu bila kuugusa. Huyu ni mwanangu wa pili, kwa hiyo jina lake ni la baba yangu, na tangu nimnyonyeshe nimekuwa nikimwita Baba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hilo lingenisaidia kitu.

"Nataka kujua kama nimebana sana," nesi akasema. "Mama, mpatie kidole yako. Wewe, finya, tuone kama hivyo vidole viko na nguvu."

Nilinyoosha mkono. Nikakiweka kidole gumba changu kiganjani mwake, pale plasta inapoishia. Maneno yalinitoka kabla sijayapa ruhusa.

"Baba, umenisamehe?"

Alinitazama, akacheka. "Ya nini, Mum? Si ni mimi nimeanguka?"

"Wewe sema tu."

"Haya, nimekusamehe," akasema, kwa kunituliza, jinsi vijana wanavyowatuliza mama zao mbele ya wageni. Akanifinya. Akanifinya kwa nguvu ya fundi, mpaka nikaguna kwa maumivu, na machozi yakanitoka mbele ya nesi yule ambaye hata jina lake silijui.

"Iko sawa kabisa, damu inafika," nesi akasema, akiandika kwenye faili. "Sasa mama, unaweza kumwachilia."

Sikumwachilia.